Karamu ya Miaka Makumi Mbili

Barua ililetwa Jumatatu na planto, tarishi wa kampuni ya pamba, wakati Régina akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Régina hakujua kusoma, lakini aliuona mhuri. Akaacha mchi ndani ya kinu. Katika kambi ya wafanyakazi pale Kasongo, barua yenye mhuri ilikuwa na habari mbili tu: umefukuzwa kazi, au unaitwa bomani.

"Mama Julienne, usitetemeke," planto akasema akicheka. "Ni chakula. Bwana yako anaitwa kula na Wazungu. Na wewe pia."

"Kula nini?"

"Mi nitajua wapi? Vitu ya mikebe."

Jioni mumewe André, karani wa mizani, aliisoma barua ile mara tatu akiwa wima. Kampuni inawashukuru watu wake wawili waliofanya kazi miaka makumi mbili. Jumamosi, jua likizama, waje na wake zao serkli, ile nyumba ya starehe ya Wazungu, wale chakula cha jioni na wavishwe medali. Na Bwana Administrateri, mkubwa wa serikali, atakuwapo, naye atakuja na karti. Alipofika kwenye neno hilo la mwisho, André akaketi.

Hiyo karti niwaeleze, maana watoto wa leo watacheka. Ilikuwa karatasi ya kusema kwamba mtu mweusi huyu amestaarabika. Ati amestaarabika! Haikumpa mtu mshahara wa Mzungu, wala haikumpa ruhusa ya kukanyaga serkli siku nyingine. Lakini mwenye karti hapigwi fimbo. Basi, thamani yake yote ilikuwa hapo, na kwa nyumba ile ilitosha. Mwaka uliopita, kwenye soko la pamba kule Wamaza, André aliandika kilo za wakulima kama mizani ilivyosema, si kama mnunuzi Mzungu alivyotaka. Akalazwa kifudifudi mbele ya wakulima walewale, suruali magotini, akapigwa fimbo nane. Mtu wa miaka arobaini na sita, mwenye mjukuu! Tangu siku ile aliandika alichoambiwa, na kila alipoona polisi njiani mkono wake ulishika mkanda wa suruali wenyewe, bila yeye kujua. Régina aliuona mkono ule kila siku, na kila siku moyo wake uliwaka.

"Ukipata hiyo karti," akauliza, "hawatakugusa tena?"

"Hawatanigusa. Ni sheria yao wenyewe."

"Basi tutakula. Hata wakitupa nyoka, tutakula."

*

Wiki ile nyumba haikuwa nyumba, ilikuwa shule. Jirani yao Louise, mke wa mwuguzi, aliwaazima uma mbili na kisu kimoja, na kila jioni mume na mke walikaa kwenye meza ya kupigia pasi wakichoma vipande vya muhogo kwa uma. Régina alijichoma mdomo mara mbili. André alimrekebisha kama mwalimu: usiinamie sahani, usilambe, usicheke na chakula kinywani.

"Na kumeza wanameza namna gani?" Régina akauliza. "Au hiyo nayo iko na sheria?"

Jumatano akaja Madamu, mke wa mkurugenzi wa kampuni, kukagua. Maana karti haitolewi hivihivi. Lazima waone kama nyumba yako ni ya mtu. Aliingia bila hodi. Akafunua vyungu, akanusa. Akainua shuka ya kitanda. Akaenda mpaka chooni na leso puani, akarudi.

"Weye nakula mezani na bwana yako?" akauliza.

"Ndiyo, Madamu."

"Siku yote?"

"Siku yote, Madamu."

Madamu akatikisa kichwa kama mtu anayenunua mbuzi na kuona meno yake si mabaya. Akaondoka bila kuaga, na Régina akabaki amesimama katikati ya nyumba yake mwenyewe na vyungu vyake viko wazi. Alitaka kulia, hasira ikamkataza.

Ijumaa ndipo Julienne, binti yao, alipofika na mtoto mgongoni na uso wa mtu aliyebeba neno zito. Mume wa Julienne, Pacifique, alikuwa boyi wa serkli, anaosha sahani jikoni.

Hapa lazima mwelewe jambo moja, bila hilo hamtaelewa kitu. Kwao, mama hali mbele ya mukwe wake, na mukwe hali mbele ya mama. Hawatazamani usoni. Jina hawatajani. Hawapokezani kitu mkono kwa mkono: mukwe akileta kitu anakiweka chini, anageuza mgongo, na mama anakiokota. Wala si chuki, jamani. Ni heshima, na hakuna heshima iliyo juu yake. Miaka mitatu tangu harusi, Pacifique alikuwa akileta samaki wa Lualaba na kuwaweka penye kizingiti, anakohoa kidogo, anaenda zake. Régina hakuwahi kuuona uso wake vizuri, na alimpenda kuliko watu wengi wanavyowapenda watoto waliowazaa.

"Mama, amesema usiogope," Julienne akasema. "Atabaki jikoni. Kupeleka sahani mezani iko mwingine, yeye hatatoka."

"Aape."

"Ameapa, mama."

"Basi mwambie nimeshukuru."

*

Jumamosi walikwenda kwa miguu, Régina akiwa na viatu vya Louise vilivyombana, André na koti jeusi alilokodi. Penye ngazi za serkli walimkuta Atumani, mnyapara wa ghala, mzee wa Kiislamu wa mjini, mwenzake André katika kupewa medali. Alivaa kanzu nyeupe na alikuwa peke yake.

"Mama Mwamvita iko wapi?" André akauliza.

"Anaumwa."

"Pole. Anaumwa nini?"

"Anaumwa hiyo barua," Atumani akasema. "Alisema hawezi kwenda kutazamwa akila kama nyani wa sokoni. Mi nimekuja, sababu nikikataa, Jumatatu nitaulizwa. Nitakula mukate. Nyama yao sijui nani aliichinja."

Régina alicheka, na kilikuwa kicheko chake cha mwisho usiku ule.

Alidhani wataingia ndani. Ndani kulikuwa na taa nyingi, kitambaa cheupe, glasi, na Wazungu kama kumi na wawili wameshaanza kunywa. Boyi akawaonyesha barazani. Meza ndogo ilikuwa imewekwa pale, mbele ya mlango mpana uliofunguliwa pande zote mbili, ili wa ndani wawaone wa nje. Wazungu walikuwa na sahani za kaure. Wao watatu waliwekewa sahani za bati, na Madamu mwenyewe akaja kuhesabu uma za meza yao, akimnyoshea kila mmoja kidole: "Moja, mbili, tatu. Kesho mimi nahesabu tena." Miaka makumi mbili ya kazi! Mtu anafungua ghala lako kila asubuhi, funguo zote mkononi mwake, leo unamhesabia uma.

Mkurugenzi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kizibo kwa vile hakukaa mbali na chupa, akasimama na kusema maneno mengi ya Kifaransa. Akawatundikia medali. Wazungu wakapiga makofi. Administrateri, mtu mwembamba mwenye miwani, akapapasa mfuko wa shati lake na kutabasamu, na André akajua karti iko mle. Régina naye akajua, kwa jinsi mumewe alivyovuta pumzi.

Supu ililetwa na boyi wa mezani. Régina aliinywa bila kelele, na Madamu akamwambia jirani yake jambo, wote wakamtazama, wakacheka kwa kuridhika. "Vizuri," André akanong'ona. "Vizuri sana, Mama Julienne. Imebaki kidogo."

Lakini yule boyi wa mezani, kila alipoingia jikoni, alikuwa akimalizia divai iliyobaki kwenye glasi za Wazungu. Ilipofika nyama, miguu ilikuwa imemkataa. Régina alimsikia Madamu akifoka jikoni. Kisha mlango wa jikoni ukafunguka, na aliyesukumwa nje na sahani kubwa ya nyama mikononi, koti jeupe la mwenzake likimfikia kwenye viwiko, alikuwa Pacifique.

Alifika barazani kabla hajainua macho. Alipoyainua akamwona mama mukwe wake, ameketi kitini kama mwanamume, kinywa wazi, uma mkononi.

Régina akavuta kitambaa cha kichwa na kujifunika uso. Pacifique naye akafanya alichofundishwa na mama yake na kila mtu mwenye akili. Akaiweka sahani chini, sakafuni, polepole, akageuza mgongo, akasimama akitazama ukuta.

"Nini hii?" Madamu akapiga kelele. "Nini hii? Chakula chini? Kama ya imbwa?"

Bwana Kizibo akaja mpaka mlangoni, uso mwekundu. Akamshika Pacifique bega na kumgeuza kwa nguvu, na Pacifique akajigeuza tena ukutani. Akageuzwa, akajigeuza. Mtu angesema anakaidi. Administrateri akainuka taratibu, akapangusa mdomo, akaja naye.

"Boyi huyu natupa chakula ya wageni yangu chini," akasema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. "Iko dharau. Jumatatu, bomani. Fimbo nane."

"Bwana," André akasema, ameinuka nusu. "Bwana, samahani. Si dharau. Ule ni…"

"Ni nini?"

Yule Mzungu hakuwa mjinga; aliwahi kukaa Kabambare, na mambo haya ya mama na mukwe alikuwa ameyasikia. Akatoa karti mfukoni, akaishika kwa ncha mbili.

"Sikiliza muzuri, karani. Kama hii iko desturi, basi boyi hapana na kosa, mimi namusamehe. Lakini kama desturi ya washenzi ingali nyumbani kwako, weye ungali mushenzi, na karti hapana. Kama nyumbani kwako desturi hapana iko, karti hii hapa, na boyi anakula fimbo. Chagua. Desturi iko, ao hapana iko?"

Waone hao! Wamemaliza supu, wametaka mchezo wa kushushia. Ndani kuna waliogeuza viti vyao ili waone vizuri.

Régina, chini ya kitambaa, aliona mkono wa mumewe tu. Mkono ulikuwa umeshika mkanda wa suruali. Akajua atasema nini kabla hajasema, na akataka kumsihi, na hakujua angemsihi achague kipi.

"Hapana iko, Bwana," André akasema.

"Sema kwa nguvu."

"Nyumbani kwangu desturi hapana iko."

Mabega ya Pacifique yakashuka. Hakuomba, hakulia, hakugeuka, maana kugeuka kungekuwa kumtazama mama mukwe wake.

Mgongo ule ndio uliomwinua Régina. Wiki nzima alikuwa ameshikilia neno moja, karti, karti, kama mgonjwa na dawa. Sasa aliliona lilivyo: ngozi ya mume wake inanunuliwa kwa ngozi ya mtoto wa watu, mtoto aliyemheshimu mbele ya simba. Akavua viatu vya Louise. Akaiacha meza, akatandika kitambaa chake cha kiunoni sakafuni, akaketi chini, mgongo kwa Pacifique, miguu imenyooka mbele kama anavyoketi mwanamke kwake. Akaivuta ile sahani ya nyama. Akangoja.

"Baba," akamwambia mukwe wake kwa sauti, bila kutaja jina, "nimepokea. Asante. Enda sasa, mama yako apate kula."

Pacifique akakohoa kidogo, akaondoka, akiwa amewapa mgongo wote. Na hapo, nyayo zake zilipoishia jikoni, Régina akanawa vidole kwa maji ya glasi ya mumewe, akamega nyama kwa mkono, akala. Hakuisikia ladha yake. Alitafuna akimtazama Administrateri machoni.

"Desturi iko, Bwana," akasema. "Umeiona. Sasa musamehe mutoto yangu, umesema utamusamehe."

Atumani peke yake ndiye aliyetoa sauti. "Allah," akasema, akasukuma mkate wake mbali.

Administrateri akairudisha karti mfukoni na kufunga kifungo. "Mimi iko mutu ya neno moja," akasema. "Boyi nimemusamehe." Akamgeukia André. "Lakini weye nasema uongo mbele ya serikali. Jumatatu, bomani. Ile nane iko yako."

*

Walirudi gizani, watatu, bila taa. Atumani aliwasindikiza mpaka njia panda ya msikiti.

"Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe," akasema. "Wazee wetu walisema, sisi tukaenda kula." Akamshika André mkono muda mrefu, akaenda zake.

Nyumbani André hakuvua koti. "Umeniuza," akasema. "Mbele ya Wazungu. Mke yangu mwenyewe ameniuza."

"Mi nimekuuza? Mi?" Régina hakujali majirani. "Wewe ulikuwa unauza mutoto ya watu! Julienne angelala wapi? Angemwambia mume yake nini, baba yangu amekuchagulia fimbo?"

"Unajua fimbo ni nini? Unajua? Wewe ulipigwa lini?"

"Wiki hii, kila siku! Yule mwanamuke amefunua shuka yangu. Amenusa vyungu yangu. Na leo ulinipeleka nikakalishwa barazani, watu wanione nikitafuna, na nikakubali yote, nikakubali yote kwa ajili ya ngozi yako, Baba Julienne! Hiyo moja tu sikuweza."

André akaketi kwenye meza ya kupigia pasi. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mi naogopa," akasema. "Kumbe hujue namna naogopa."

"Najua," Régina akasema, na hasira yake yote ikabaki bila mahali pa kwenda. "Najua sana."

*

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, bendera inapandishwa bomani, watu walikuwa wengi. Habari zilikuwa zimeenda Kasongo nzima. Régina alisimama mbele kabisa. Louise alijaribu kumvuta arudi, akamkatalia.

André alifika kwa miguu yake, amevaa shati la kazi. Administrateri akatoka na kikombe cha kahawa. Alionekana amelala vizuri.

"Mimi hapana mutu mubaya," akasema. "Karani ya miaka makumi mbili, ni huruma. Sema hapa, mbele ya watu yote, kwamba desturi ya washenzi hapana iko nyumbani kwako, kwamba bibi yako Jumamosi alifanya wazimu. Rudisha binti yako nyumbani kwako, boyi ule hapana mukwe yako tena. Halafu fimbo hapana. Na karti," akagonga mfuko, "tutaona."

Régina hakumsogelea mumewe, hakumpa ishara. Aliuona mkono ukienda kwenye mkanda. Safari hii hakuwa na hasira naye. Kama angesema ndiyo, asingemlaumu tena. Alikuwa ameshaapa hivyo usiku, kitandani, na kiapo kilimwuma kama mwiba.

"Desturi iko, Bwana," André akasema. Sauti ilikatika, akaianza upya, na safari hii hata wanawake wa nyuma walimsikia. "Iko nyumbani kwangu. Bibi yangu hana wazimu. Na ule kijana ni mukwe yangu, alitufanyia heshima."

Akafungua mkanda mwenyewe, kabla polisi hajamfikia, akalala.

Polisi akahesabu kwa sauti. Katikati, kwenye nne, André alipiga kelele, na kwenye sita pia. Sitawaambia kwamba hakulia. Alilia. Administrateri alimaliza kahawa yake, akaingia ndani kufanya kazi.

Régina akamwinua, akamfunga mkanda, akampangusa mchanga kidevuni. André akaelekeza kichwa upande wa nyuma ya boma, kwenye kijia kinachopita migombani mpaka kambini, ambako mtu angeweza kwenda asionekane.

"Hapana," Régina akasema. "Tupite sokoni. Hukuiba kitu ya mutu."

Wakapita sokoni. Walikwenda polepole, maana hakuweza kutembea haraka.